Waandishi Mbele ya Mji wa Zege: Brasília katika Macho ya Fasihi, 1958–1975

1. Utangulizi

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii kwa kawaida hutumiwa kuwapima watu, ili uzuri wa sura usichukuliwe kuwa uzuri wa moyo. Hata hivyo yaweza kurudishwa kwenye maana yake ya kwanza, yaani kwenye nyumba zenyewe. Historia ya usanifu wa majengo hutegemea zaidi michoro ya wasanifu, hotuba za wakuu wa nchi na picha zilizopigwa siku ya uzinduzi. Vyanzo hivyo vina faida yake, lakini vyote husimama mlangoni. Havisemi jinsi mtu anavyojisikia akiamka asubuhi ndani ya jengo ambalo mfano wake haujapata kuonekana, wala havisemi nani aliondolewa ili jengo hilo lipate kusimama.

Waandishi wa fasihi wameacha ushahidi wa aina nyingine. Wao huandika mshangao wao, hofu yao, chuki yao na furaha yao. Mwanahistoria aliyezoea hati za ofisi huweza kuuona ushahidi huo kuwa mwepesi mno, kwa sababu ni wa mtu mmoja na hisia zake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ushahidi wa namna hiyo una uzito, mradi msomaji aulize kila mara mwandishi alikuwa amesimama wapi alipoandika. Mfano uliochaguliwa ni mji wa Brasília, mji mkuu wa Brazil, uliozinduliwa tarehe 21 Aprili 1960, siku 70 kabla ya uhuru wa Kongo. Ni miji michache ya karne ya 20 iliyovuta waandishi wengi kiasi hicho katika muda mfupi hivyo, na ni michache iliyowagawanya kwa ukali kama huo.

2. Mji uliochorwa kabla ya kukaliwa

Wazo la kuhamisha mji mkuu kutoka pwani kwenda bara halikuzaliwa na Rais Juscelino Kubitschek. Katiba ya Brazil ya mwaka 1891 ilikwisha kutenga eneo la kilomita za mraba 14,400 katika uwanda wa juu wa kati, kwa ajili ya mji mkuu wa siku za usoni. Kwa miaka zaidi ya 60 kifungu hicho kilibaki maneno ya karatasini. Kubitschek, aliyeshika madaraka Januari 1956 kwa ahadi ya kuipatia nchi maendeleo ya miaka 50 katika miaka 5, ndiye aliyekitekeleza. Mwaka huohuo iliundwa kampuni ya umma iliyoitwa Novacap ili isimamie ujenzi, na ikaongozwa na Israel Pinheiro. Shindano la kuchora mji lilitangazwa, na mwezi Machi 1957 jopo la waamuzi likampa ushindi Lúcio Costa. Majengo makuu yalikabidhiwa kwa Oscar Niemeyer.

Mchoro wa Costa ulianza na mistari miwili inayokatana kama msalaba. Mmoja ulikunjwa kidogo kufuata umbo la ardhi, na mji ukapata sura ambayo watu wengi waliilinganisha na ndege. Lugha nyingi hulazimika kuchagua kati ya ndege mwenye manyoya na ndege ya chuma. Kiswahili kina neno moja kwa vyote viwili, na katika habari ya Brasília neno hilo linafaa sana, kama itakavyoonekana mbele. Kwenye mwili wa ndege huyo ziliwekwa wizara na Bunge. Kwenye mabawa yake ziliwekwa nyumba za kuishi, zilizopangwa katika mafungu ya magorofa yaliyofanana. Bunge lilipewa minara miwili pacha ya ghorofa 28, na kando yake mabakuli mawili makubwa, moja limefunikwa na jingine limefunuliwa kuelekea mbinguni. Kanisa kuu, lililokamilika mwaka 1970, lilishikwa na nguzo 16 zilizopinda.

Mahali penyewe palikuwa takriban kilomita 900 kutoka Rio de Janeiro, kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,000. Msomaji wa Katanga hatashindwa kupawazia: udongo mwekundu, miti mifupi iliyopindika, nyasi zinazokauka katika kiangazi kirefu na vumbi linaloingia kila mahali. Katika mazingira hayo, yanayofanana kwa mengi na mwitu wa miombo, zege jeupe na vioo vilionekana kama vitu vilivyodondoka kutoka anga nyingine.

3. Wageni wa serikali

Kubitschek alijua kwamba mji mpya unahitaji sifa sawasawa na unavyohitaji saruji. Wapinzani wake walikuwa wengi: walilalamikia gharama, walilalamikia umbali, na wakazi wa Rio hawakutaka kuacha bahari yao. Kwa hiyo watu mashuhuri wa mataifa walialikwa kuja kuona kazi ikiendelea. Mmoja wao alikuwa Mwingereza Aldous Huxley, aliyefika Agosti 1958. Alikuwa ametoka Ouro Preto, mji wa zamani wa dhahabu wenye makanisa ya karne ya 18, na katika simu ya maandishi aliyompelekea rais aliieleza safari hiyo kuwa ni safari ya kutoka jana kwenda kesho. Serikali ilifurahi. Hata hivyo Huxley ndiye yuleyule aliyekuwa amechapisha mwaka 1932 riwaya ya Brave New World, inayoonya juu ya jamii iliyopangwa kikamilifu na wataalamu. Simu ya mgeni na riwaya ya mwandishi zilitoka katika mkono mmoja, lakini hazisemi jambo moja.

Mwaka uliofuata, Agosti 1959, alifika André Malraux, mwandishi wa riwaya aliyekuwa waziri wa utamaduni wa Ufaransa. Katika hotuba yake aliupa mji jina la mji mkuu wa matumaini, na jina hilo likashikamana nao. Malraux alizungumza kama waziri na kama msanii kwa pamoja: aliyaona majengo ya Niemeyer kuwa ni ushahidi kwamba dola ya kisasa yaweza tena kujenga kwa utukufu, kama zilivyofanya dola za kale.

Mmarekani John Dos Passos alikuwa na ujuzi wa muda mrefu zaidi. Alikwisha kuizuru Brazil mwaka 1948 na kukutana na mhandisi Bernardo Sayão, aliyekuwa akiongoza makazi mapya ya wakulima katika jimbo la Goiás. Aliporudi mwaka 1958 alimkuta Sayão miongoni mwa wakuu wa ujenzi wa Brasília. Katika kitabu chake Brazil on the Move, kilichochapishwa mwaka 1963, mji mpya unasimuliwa kama kazi ya watu jasiri wanaofungua nchi. Sayão mwenyewe hakuuona uzinduzi. Tarehe 15 Januari 1959, akiongoza ukataji wa barabara ya kwenda Belém, aliangukiwa na mti na kufa. Mwitu uliokuwa ukishindwa ulimpiga mshindi wake mmoja.

Wenyeji nao walitoa sifa zao. Mshairi Vinicius de Moraes na mwanamuziki Antônio Carlos Jobim waliagizwa na rais kutunga simfonia ya mji. Walikaa katika nyumba ya mbao iliyojengwa kwa siku 10 mwaka 1956 ili iwe makao ya kwanza ya Kubitschek katika uwanda huo. Matokeo yake ni Sinfonia da Alvorada, iliyotolewa katika santuri mwaka 1961. Ni kazi ya kuagizwa, na haifichi jambo hilo. Lakini ndani yake sehemu nzima imetengwa kwa ajili ya kufika kwa wafanyakazi, na nyingine kwa ajili ya jasho la ujenzi. Mshairi aliyealikwa kusifu jengo aliona kwamba sifa isiyowataja wajenzi ingekuwa pungufu. Kwa nukta hiyo alikuwa ameingia hatua moja zaidi ndani ya mlango kuliko wageni wa mataifa.

4. Wageni waliotia shaka

Katika msafara wa Huxley alikuwamo mshairi wa Kimarekani Elizabeth Bishop, aliyekuwa akiishi Brazil tangu mwaka 1951. Baada ya Brasília msafara uliruka hadi mto Xingu, kwa Wahindi wa asili. Bishop aliandika insha ndefu juu ya safari hiyo na kuipelekea jarida la The New Yorker, lakini likaikataa. Haikuchapishwa katika uhai wake, uliomalizika mwaka 1979. Kichwa chake chenyewe kina hoja, kwa kuwa kinataja pamoja mji mkuu mpya, mwandishi mashuhuri na Wahindi. Mwanamke huyo alikataa kuutenga mji na nchi iliyouzunguka. Kwa kuwaweka wenyeji wa Xingu kando ya nguzo za ikulu, anamlazimisha msomaji kuuliza swali ambalo hotuba za siku zile hazikuliuliza: uwanda ulioitwa mtupu ulikuwa mtupu kwa nani?

Simone de Beauvoir alifika pamoja na Jean-Paul Sartre mwaka 1960, miezi michache baada ya uzinduzi. Maelezo yake yamo katika kitabu cha kumbukumbu zake, La Force des choses, cha mwaka 1963. Hakukana kwamba baadhi ya majengo ya Niemeyer yalikuwa mazuri. Lawama yake ilihusu kilichokuwa kati ya majengo. Alitafuta barabara ya kutembelea kwa miguu, kona ya kukutana na mtu bila miadi, msongamano wa maduka na makelele, na hakuviona. Mji ulikuwa umechorwa kwa ajili ya magari, na mtu asiye na gari alikuwa kama aliyesahauliwa na kalamu. Uhai aliukuta mahali ambapo hapakuwamo katika mchoro: katika mji wa mbao wa wafanyakazi, ulioitwa Cidade Livre, yaani Mji Huru, wenye vibanda, vumbi na watu.

De Beauvoir anasimulia pia jambo linalomhusu Niemeyer mwenyewe. Msanifu huyo alikuwa mkomunisti. Alijiuliza mbele ya wageni wake kama usanifu wa kijamaa unawezekana katika nchi isiyo ya kijamaa, na jibu lake mwenyewe lilikuwa kwamba hauwezekani. Ushahidi huo ni wa thamani, kwa sababu unaonyesha kwamba pengo kati ya ndoto ya usawa na hali halisi lilijulikana tangu mwanzo, na kwa mtu aliyekuwa amelishika penseli.

Hata hivyo haifai kusahau alikosimama de Beauvoir. Alikuwa mtu wa Paris, na kipimo chake cha mji kilikuwa mtaa wenye mikahawa. Aliyeuhukumu mji wa miezi sita kwa kuukosea roho aliusomea hukumu mtoto mchanga kwa kuwa hajazungumza. Watu waliozaliwa Brasília baada ya mwaka 1960 wamekuwa na mazoea yao, mahali pao pa kukutania na mapenzi yao kwa anga ile pana. Shaka yake ilikuwa sahihi kuhusu utengano wa matabaka. Kuhusu roho ya mji, ilitangulia wakati.

5. Mtoto, bata mzinga na mti

Mwaka 1962 João Guimarães Rosa, mwanadiplomasia na mmoja wa waandishi wakubwa wa lugha ya Kireno, alichapisha mkusanyo wa hadithi fupi uitwao Primeiras Estórias. Hadithi ya kwanza na ya mwisho zinafanana: katika zote mbili mtoto wa kiume anasafiri kwa ndege hadi mahali ambapo mji mkubwa unajengwa. Jina la mji halitajwi, lakini hakuna msomaji wa Brazil aliyeshindwa kulitambua.

Katika hadithi ya kwanza mtoto anasafiri kwa furaha. Katika ua wa nyumba anamwona bata mzinga aliyejitanua kwa fahari, na moyo wake unajaa. Anapelekwa kuona mahali pa ujenzi, na aliporudi bata hayupo: amechinjwa kwa ajili ya karamu. Kisha anaonyeshwa jinsi mashine inavyoangusha mti, na mti unaanguka kwa muda mfupi kuliko pumzi. Baadaye anamwona bata mwingine akidonoa kichwa cha yule aliyekufa. Usiku unapoingia, kimulimuli kimoja kinatoka mwituni na kumrudishia mtoto chembe ya furaha. Katika hadithi ya mwisho mtoto anarudi akiwa na huzuni, kwa kuwa mama yake ni mgonjwa. Kila alfajiri ndege wa mdomo mkubwa, tukani, huja juu ya mti kula matunda, naye mtoto hupata nguvu ya kungojea habari. Mama anapona.

Hapa ndege ya chuma na ndege mwenye manyoya wanakutana. Mmoja ndiye umbo la mji na chombo cha kuufikia. Mwingine ndiye anayeufanya uvumilike. Tena tukani huyo hakutoka katika ubunifu mtupu. Guimarães Rosa alikaa Brasília siku chache mwezi Juni 1958, na katika barua kwa baba yake alieleza kwamba aliamka mapema kila asubuhi ili amwone tukani aliyekuja kwa saa ileile kwenye mti wa jirani. Mtu mzima, mwenye cheo, aliyepelekwa kuona mji wa karne, alikumbuka zaidi ya yote ndege aliyekuja kula matunda.

Msomaji mwenye haraka angeweza kusema kwamba hadithi hizo zinaupinga mji. Hazifanyi hivyo. Mtoto haombi ujenzi usimame. Watu wazima wanaomzunguka ni wema, na mji unatajwa kuwa utakuwa wa ajabu. Hadithi zinafanya kazi ngumu kuliko kupinga: zinaandika bei. Katika hesabu za Novacap ziliandikwa tani za chuma na mita za zege. Mti mmoja uliosimama mbele ya mtoto haukuandikwa popote, na bila hadithi ile usingekuwa na kumbukumbu.

6. Hofu ya Clarice Lispector

Clarice Lispector alizaliwa Ukraini mwaka 1920, akaletwa Brazil akiwa mtoto mchanga, na alikuwa mwandishi mashuhuri alipoizuru Brasília mwaka 1962. Insha aliyoandika kuhusu siku zake chache pale iliingia katika kitabu chake cha mwaka 1964, A Legião Estrangeira. Mwaka 1974 alirudi, na mwaka uliofuata akachapisha, katika Visão do Esplendor, insha ya pili iliyo ndefu zaidi na yenye mizaha mingi.

Insha ya kwanza haitoi hukumu ya uzuri au ubaya. Inaeleza usingizi uliokimbia, upana uliotisha, na hisia kwamba mji huo mpya kuliko yote ulikuwa wa kale kuliko yote, kama mahame ya watu warefu waliotoweka zamani. Mwandishi anadai kwamba wasanifu wawili hawakutafuta kujenga uzuri, kazi ambayo ingekuwa rahisi. Walisimamisha mshangao wao wenyewe na kuuacha bila maelezo. Tena anatafuta panya. Katika mji ule, anafikiri, hapakuachwa nafasi kwa panya, wala kwa ile sehemu ya binadamu iliyo mbaya na inayowaogopa panya. Wajenzi walitaka kukana kwamba binadamu ana ubaya. Lakini panya, anaonya, wako njiani.

Maneno hayo yaliweza kuonekana kuwa ndoto ya mtu mwenye homa. Miaka miwili baadaye, tarehe 31 Machi 1964, jeshi lilianza uasi ulioipindua serikali ya João Goulart, na mji wa matumaini ukawa makao ya utawala wa kijeshi hadi mwaka 1985. Chuo Kikuu cha Brasília, kilichofunguliwa mwaka 1962 chini ya Darcy Ribeiro ili kiwe akili ya mji mpya, kilivamiwa na wanajeshi mwaka 1964 na tena mwaka 1965. Katika mwaka huo wa pili walimu zaidi ya 200 walijiuzulu kwa pamoja. Mwaka 1968 kilivamiwa tena. Haifai kudai kwamba Lispector alitabiri mambo hayo. Alichofanya ni kuandika kwa uaminifu kwamba mpango usioruhusu kivuli huamsha hofu. Hofu hiyo ilikuwapo katika mwili wa mgeni mmoja kabla haijapata jina katika siasa, na mwanahistoria hana hati nyingine inayoithibitisha.

Tofauti ya insha mbili nayo ni ushahidi. Ya mwaka 1962 ina umbo tulivu, kana kwamba mwandishi ametishika akanyamaza. Ile iliyofuata safari ya 1974 inakatika ovyo, inacheka, inarudia jina la mji mara nyingi, inautukana na kuubembeleza. Mji ulikuwa uleule. Mazingira ya kuuzungumza yalikuwa yamebadilika, na mzaha ukawa njia ya kukaa nao.

7. Wale ambao hawakuandika

Waandishi wote waliotajwa walikuja na kuondoka. Kufikia mwaka 1959 watu zaidi ya 60,000 walikuwa wakiishi katika eneo la ujenzi, wengi wao wakiwa wametoka majimbo makavu ya kaskazini-mashariki. Waliitwa candangos. Kamusi za Kireno cha Brazil hulinasibisha neno hilo na Kikimbundu cha Angola, ambako lilikuwa jina la dharau ambalo Waafrika waliwaita Wareno. Lilivuka bahari pamoja na watumwa, likageuka kuwa tusi kwa mfanyakazi maskini, na mwishowe, uwandani pale, likawa jina la fahari. Hivyo neno la Kibantu limo katika msingi wa Brasília kama zilivyomo nondo.

Mwezi Februari 1959, wakati wa kanivali, wafanyakazi wa kambi moja walilalamikia chakula kibovu. Walinzi wa mji waliitwa na wakafyatua risasi. Taarifa rasmi ilikiri kifo kimoja. Wafanyakazi waliokuwapo walisimulia vifo vingi zaidi. Hakuna hata mmoja wa waandishi mashuhuri aliyelifanya jambo hilo kuwa kiini cha maandishi yake juu ya mji. Tena, mpango wa Costa uliweka kwamba miji ya pembeni ingejengwa baada ya mji wenyewe kujaa. Mambo yakaenda kinyume. Taguatinga, umbali wa zaidi ya kilomita 20, ulifunguliwa Juni 1958 ili kuwapokea wafanyakazi, karibu miaka miwili kabla ya uzinduzi. Cidade Livre, uliokusudiwa kubomolewa, uliokolewa na wakazi wake waliokataa kuondoka, na mwaka 1961 ukatambuliwa kisheria. Mwaka 1971 makumi ya maelfu ya wakazi wa vibanda walihamishiwa Ceilândia, mji ambao silabi yake ya kwanza imetokana na herufi CEI, kifupi cha kampeni ya serikali ya kuondoa makazi yasiyo halali. Watu walipewa mji wenye jina la kufukuzwa kwao.

Sauti za wajenzi hao zilikusanywa baadaye, tangu miaka ya 1980, katika masimulizi ya mdomo yaliyohifadhiwa na idara ya nyaraka ya Wilaya ya Shirikisho, na pia katika filamu ya Vladimir Carvalho, Conterrâneos Velhos de Guerra, iliyoonyeshwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Zilikuja baada ya miaka 25 na zaidi, wakati sifa na lawama za wageni zilikwisha kuwa vitabu.

Katika jambo hili Lubumbashi una kitu cha kulinganisha. Mji huo nao ulichorwa kwa rula, mwaka 1910, kwa ajili ya shaba, nao ukawaweka waliojenga na kutumika nje ya mitaa ya waliotawala. Lakini mwaka 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani kilitoa maandishi ya Kiswahili, yenye jina la André Yav, yajulikanayo kama Vocabulaire de la ville de Elisabethville. Johannes Fabian aliyachapisha upya pamoja na uchambuzi mwaka 1990. Kiswahili chake si cha darasani. Ni cha mji wenyewe. Humo mji hausimuliwi na mgeni aliyeteremka kwenye ndege, bali na watu waliofungua milango, waliopika na waliotandika vitanda. Hao ndio walioingia ndani ya nyumba zile kabla ya mwanahistoria yeyote. Kwa Brasília hati ya namna hiyo, iliyoandikwa na wajenzi wakati jambo lingali bichi, haikuingia katika orodha ya vitabu vinavyotajwa na wasomi pale ujenzi unapozungumzwa.

8. Hitimisho

Mwaka 1987 Brasília iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Costa alifariki mwaka 1998, na Niemeyer mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 104. Mji uliopangiwa watu 500,000 umekuwa kitovu cha wilaya ambayo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi zaidi ya milioni 2.8, wengi wao wakiishi nje ya mchoro wa Costa. Nguzo za zege zimehifadhiwa na sheria. Vibanda vya waliozisimamisha vingi havipo.

Uchunguzi huu unaonyesha kwamba mwitiko wa mwandishi mbele ya jengo una daraja zake. Mgeni wa serikali huandika kile jengo linachotaka kuwa. Mgeni mwenye shaka huandika kile kinachokosekana, ingawa mara nyingine kipimo chake amekibeba kutoka kwao. Guimarães Rosa na Lispector walikwenda mbali zaidi kwa sababu hawakujifanya mahakimu: mmoja aliandika kilichoangushwa, mwingine aliandika kilichokosa pa kujificha. Na baada yao wote inabaki nafasi ya wale ambao mikono yao ilikuwa na kazi nyingine.

Kwa mwanafunzi wa historia, funzo ni la kiutendaji. Hisia ya mwandishi isitupwe kwa kuwa ni hisia, wala isipokewe kama hukumu ya mwisho juu ya mji. Iulizwe ilizaliwa katika chumba gani, kwa mwaliko wa nani, na kwa siku ngapi. Kisha itafutwe sauti ya aliyekipiga deki chumba hicho. Katika miji ya Kongo, ambako wengi wa mashahidi wa namna hiyo walizungumza Kiswahili na wachache wangali hai, kazi hiyo ina muda maalumu, na muda huo unazidi kupungua.